Bwiza Hula kwa Saa: Namna ya Kupata Chakula Kizuri Bujumbura

Ukivuka mpaka wa Manyovu na kuingia Burundi upande wa Mugina, utaanza kukiona chakula cha Bujumbura kabla ya kuliona jiji lenyewe. Barabara inashuka hadi Nyanza-Lac, inakutana na Ziwa Tanganyika, kisha inafuatana nalo kuelekea kaskazini. Ufukweni zimepangwa chanja za waya zilizoanikwa ndagala, ambao sisi Kigoma tunawaita dagaa. Ukifika Rumonge, michikichi inaanza kusogea barabarani, na akina mama wanauza mawese kwenye chupa na madumu. Mbele yake kuna magunia ya makaa, mikungu ya ndizi na mafungu ya muhogo yakisubiri gari. Vyote hivyo vinasafiri njia moja na wewe, na sehemu yake itaishia kwenye masufuria ya mtaa ninaotaka kuuzungumzia: Bwiza.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Kwa miaka mingi niliendesha mgahawa mdogo Kigoma mjini, na siku hizi nafanya biashara ya vitenge, kazi inayonifikisha Bujumbura mara kwa mara. Nikiwa huko nalala Bwiza kwa mama yangu mdogo, aliyeolewa huko mimi nikiwa bado mtoto. Kwa hiyo haya ni maneno ya mpishi. Nikikaa kwenye meza ya mtu, kabla ya kuonja naangalia moto wake, maji yake na mikono yake.

Nimekutana na wasafiri wengi, Watanzania na Wakenya, wanaorudi kutoka Bujumbura wakisema chakula kizuri kiko kwenye hoteli za ufukweni tu, na bei yake haishikiki. Nasikitika kila ninapowasikia, kwa sababu wamelala karibu na chakula kizuri kuliko hicho na hawakukigusa. Walitafuta jengo. Walitafuta bango, viti vya kitambaa na orodha ya vyakula kumi na tano. Bwiza haiko hivyo. Hapa kila jiko lina kitu kimoja linachokijua vizuri, na kitu hicho kina saa yake. Ukiijua saa, utakula vizuri kwa bei ya mtu wa kawaida. Ukiikosa, utakaa kwenye kiti kilekile, kwa mpishi yuleyule, na utakula kiporo.

Mtaa wa vyungu vingi

Bwiza iko jirani kabisa na katikati ya jiji. Mwenye miguu mizima hahitaji gari. Enzi za Wabelgiji, Bujumbura ikiitwa Usumbura, ndiyo iliyokuwa makao makuu ya utawala wa Ruanda-Urundi. Waafrika walitengewa mitaa yao: Buyenzi, na mwingine ulioitwa Belge, ambao leo ndio Bwiza. Humo walikaa wachuuzi, makarani, mafundi na wapagazi. Wengine walitoka milimani Burundi, wengine Ujiji kwetu, wengine Manyema na sehemu nyingine za Kongo. Kiswahili kikawa lugha ya sokoni na ya uani, na mpaka leo mgeni anayekijua hapotei Bwiza wala Buyenzi.

Kila aliyekuja alikuja na chungu chake. Warundi walileta maharage, ndizi na mbuzi wa kuchoma. Wakongo walileta sombe, yaani kisamvu kilichotwangwa, muhogo na mapenzi yao kwa mawese. Watu wa Ujiji na Waislamu wa Buyenzi wakaleta pilau, chapati na sambusa. Wabelgiji waliacha mkate na viazi vya kukaanga. Ziwa likatoa samaki kwa wote. Ndiyo maana ukitembea avenyu moja tu ya Bwiza unaweza kupita harufu nne tofauti kabla hujafika kona.

Mwaka 2019 Gitega ilithibitishwa kuwa mji mkuu wa kisiasa, lakini biashara imebaki Bujumbura, na penye biashara ndipo penye walaji. Soko kuu lililokuwa katikati ya jiji liliteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013. Wachuuzi walitawanyika kwenye masoko ya mitaani, na waliokuwa wakiwapikia wakawafuata. Mpishi wa chakula cha mchana hakai mbali na wateja wake, kwa hiyo ukitaka kujua wapi panapikwa, angalia kwanza wapi panafanyiwa kazi.

Mitaa hii imenyooka, na avenyu zake zina namba. Watu hawakuelekezi kwa jina la mgahawa. Watakuambia avenyu ya ngapi, kona ipi, mkono gani, na mara nyingi watataja mama anayepika au kijana anayechoma. Yaandike maelezo hayo vilevile unavyoyasikia. Jina lililo kwenye bango linaweza kubadilika mwakani. Mama wa kwenye kona ndiye mwenye mgahawa.

Muulize anayekula kila siku

Ukisimama barabarani na kuuliza mgahawa mzuri uko wapi, utaelekezwa pabaya kwa nia njema. Mwenyeji atakuangalia nguo na begi, aamue kwamba wewe ni mgeni wa heshima, kisha akutume mjini kwenye meza za vitambaa. Atakuwa amekupa adabu, si chakula chake.

Uliza kwa njia nyingine. Salimia kwanza. Salamu ya Kirundi ya "Amahoro" inafaa saa zote, asubuhi utasema "Bwakeye", na baada ya hapo Kiswahili chako kitapokelewa. Kisha muulize mtu yeye mwenyewe anakula wapi mchana, au mara ya mwisho kula mukeke ilikuwa kwa nani. Swali la namna hiyo linamtoa kwenye kukupangia na kumrudisha kwenye tumbo lake, na tumbo la mfanyakazi halina sababu ya kudanganya.

Watu wa kuwauliza wapo. Mafundi magari wa Buyenzi, wanaoshinda na spana mkononi, wanajua sahani ipi inashibisha. Mafundi cherehani na wauza vitenge wanajua wapi panahudumia haraka, kwa sababu hawawezi kuacha duka muda mrefu. Wabeba mizigo wanajua wapi panajazwa sahani. Zamani ungemuuliza dereva wa pikipiki, lakini Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya jiji. Pamoja na uhaba wa mafuta uliolikumba taifa hilo miaka ya karibuni, hiyo ni sababu nyingine ya kula mahali unapofika kwa miguu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kuuliza mara moja hakutoshi. Waulize watu wawili wasiofahamiana. Wakikutajia kona moja, nenda.

Asubuhi: chai, chapati na supu

Bwiza huamka mapema. Saa kumi na mbili na nusu majiko ya makaa yameshawashwa vibarazani, na kufikia saa moja chai ya maziwa inachemka na tangawizi yake. Chapati zinasukumwa palepale, maandazi yanatoka kwenye mafuta, sambusa zinapangwa kwenye beseni lenye karatasi. Kwa wenye kazi ngumu ipo supu, ya ng'ombe au ya mbuzi, na wapo wanaokula maharage na chapati tangu hiyo saa moja.

Hapa alama ya uzuri ni moja: unga uko mezani na mpishi anasukuma huku ukitazama. Chapati iliyopikwa saa kumi na moja na kufunikwa kwa kitambaa huwa imelegea na kulowa ikifika saa tatu. Tazama pia mafuta ya maandazi. Mafuta mazuri unaliona andazi ndani yake. Yaliyokuwa meusi na yenye povu yametumika kupita kiasi na yatakusumbua tumbo mchana kutwa. Kwenye supu, angalia mvuke. Supu ya sufuria iliyo juu ya moto wa kweli, inayochemka taratibu, inywe kwa amani. Sufuria iliyoepuliwa na kuwekwa chini, iache.

Baada ya saa nne asubuhi usitafute tena vitu hivi. Utavikuta, lakini saa yao imepita.

Mchana: maharage ndiyo mtihani

Kati ya saa sita na saa nane mchana ndipo Bwiza inapika kwa nguvu zote. Sahani ya kawaida ina wali au bugali, yaani ugali, maharage, ndizi za kupika, na mboga: lengalenga, ambayo ni mchicha, au sombe, au nyanya chungu. Juu yake kunawekwa kipande cha nyama au samaki, au ndagala waliokaangwa.

Ukiwa mgeni na hujui mpishi yupi ni hodari, onja maharage yake. Burundi na Rwanda ni miongoni mwa nchi ambazo watu wake hula maharage mengi zaidi duniani kwa kila mtu, kwa hiyo hakuna mlaji Bwiza asiyejua maharage mazuri yakoje, na mpishi anayeyaharibu hadumu. Maharage mazuri yamechemshwa polepole kwa makaa hadi ndani yamelainika na ganda bado limeshika. Mchuzi wake umekuwa mzito kwa maharage yenyewe, haukuongezwa unga. Mawese yake yametiwa moto kiasi cha kutoa ubichi tu, yakabaki na wekundu wake. Mpishi mwenye haraka huyaacha mawese yaungue, yanapauka na kuacha uchungu kooni. Ukiuona wekundu ule wa Rumonge unaelea juu ya sahani, kaa chini.

Mtihani wa pili ni bugali wa muhogo. Muhogo mchungu una sumu ya asili, ndiyo maana hulowekwa siku kadhaa, ukaanikwa na kusagwa. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, unga unakuwa mweupe, na bugali unang'aa, unavutika na haukwami kooni. Ukifanywa kwa haraka au ukaanikwa wakati wa mvua, unakuwa wa kijivu na una harufu ya ukungu. Sombe nayo hutoka kwenye mmea huohuo, na inahitaji kutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu. Sombe nzuri haina nyuzi mdomoni. Wapishi wenye asili ya Kongo wanaiheshimu sana kazi hii, na ukisikia mchi unalia uani asubuhi, weka alama kwenye nyumba ile na urudi mchana.

Kuna jambo moja linalowachanganya wageni. Mgahawa mzuri wa mchana humaliza chakula. Ukifika saa tisa ukaambiwa kimebaki wali mtupu, usione umefika pabaya, kesho wahi. Jiko la kuogopa ni lile lenye kila kitu saa zote, kwa sababu chakula hicho kilipikwa kumsubiri mtu asiyejulikana atakuja lini.

Samaki: tazama mwezi kabla ya sahani

Sisi watu wa ziwa tunajua jambo ambalo mgeni wa bara haambiwi: samaki wa Tanganyika wana kalenda yao. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, ndagala hufuata mwanga, kisha nyavu zinainuliwa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa ya mvuvi haina nguvu, samaki hutawanyika na mitumbwi mingi hupumzika. Zile siku tunazoziita za giza, mwezi unapokuwa haupo au mdogo, ndizo siku za neema. Kwa hiyo ukipanga safari ya kula samaki Bujumbura, angalia mwezi. Katika siku za mbalamwezi kubwa utauziwa samaki wa barafu au wakavu kwa bei ya juu. Katika siku za giza utapata wa usiku uleule.

Mfalme wa meza ya Bujumbura ni mukeke, ambaye Kigoma tunamwita mgebuka. Anawinda ndagala, na nyama yake ina mafuta ya kutosha kustahimili makaa. Bwiza humpasua, wakamfungua, wakamtia chumvi na ndimu, wakamchoma taratibu, kisha wakammwagia kachumbari ya vitunguu na nyanya, au mchuzi wa nyanya uliokaangwa. Pembeni huletwa ndizi za kukaanga au bugali. Wakubwa wenzake ni sangala, mwenye minofu minene, na kuhe, ambaye wengi wanamsifu kwa utamu wake.

Omba umwone samaki kabla hajapikwa. Hakuna mchomaji wa kweli Bwiza atakayekasirika. Atakuletea kwenye sinia. Macho yawe yameng'aa na kutuna, mashavu ya ndani yawe mekundu, na mwili ukiubonyeza urudi. Akishapikwa, nyama yake iachie mfupa kwa mapande makubwa. Ikimomonyoka kama uji, samaki huyo alikaa. Kwa ndagala wakavu, chagua walio na rangi ya fedha na mwili mzima. Zamani wengi walianikwa mchangani, na mlaji alitafuna mchanga. Tangu 2004, kwa msaada wa FAO, wachakataji wa upande wa Burundi walifundishwa kutumia zile chanja za waya zilizoinuliwa kutoka chini, na tofauti yake unaisikia kwenye meno.

Ninapozungumzia mukeke siwezi kuficha wasiwasi wangu. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kupanda kwa joto kumepunguza uzalishaji wa chakula cha asili ndani ya Ziwa Tanganyika kwa takriban asilimia 20, kiasi kinachoweza kupunguza samaki kwa takriban asilimia 30. Ongeza hapo uvuvi wa kupita kiasi na nyavu zenye matundu madogo. Upande wetu Tanzania, serikali ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapate kuzaana, na sote tuliohitaji dagaa tuliumia. Lakini niliunga mkono na bado naunga mkono. Ziwa hili ni la nchi nne, Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, na samaki hana pasi ya kusafiria. Ukiwekewa mezani mukeke mdogo wa urefu wa kiganja, mkatae kwa upole na uagize maharage. Mteja akiacha kununua watoto wa samaki, mchomaji ataacha kuwanunua ufukweni.

Jioni: fuata moshi

Jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, Bwiza inabadilika. Muziki unafunguliwa, viti vinatolewa nje, na majiko makubwa ya makaa yanawashwa mbele ya kabare, yaani baa za mtaani. Mimi ni Mwislamu, sinywi pombe, lakini nitasema ukweli: mshikaki bora wa mbuzi Bwiza uko mbele ya kabare. Nakwenda na mama mdogo na watoto wake, tunakaa nje, tunaagiza soda na juisi ya marakuja, na hakuna aliyewahi kutuangalia vibaya. Wanaotumia watakuta Primus na Amstel za kiwanda cha Brarudi, na penginepo urwarwa, pombe ya ndizi.

Elewa namna kazi yenyewe inavyokwenda. Mara nyingi mwenye vinywaji na mwenye nyama ni watu wawili. Mchomaji amekodi nafasi yake mlangoni, ana mbuzi wake, makaa yake na wateja wake. Kwa hiyo unalipa mara mbili, na sifa ya nyama ni ya mchomaji. Akihamia kabare nyingine, wateja wanamfuata. Ndiyo maana nasema usiulize jina la kabare. Uliza nani anachoma.

Nenda mwenyewe hadi jikoni. Mbuzi amening'inia, chagua paja au mbavu, tazama akikata, kubaliana bei hapo hapo, ndipo urudi kukaa. Kama halali ni muhimu kwako, muulize nani amechinja. Bwiza na Buyenzi ni mitaa yenye Waislamu wengi, swali hilo ni la kawaida na utajibiwa wazi. Mshikaki mzuri una nyama na vipande vya mafuta vikipishana, umekolezwa chumvi na umechomwa juu ya makaa yaliyokwisha kutoa moshi wake mkali. Pamoja nao agiza zingalo, utumbo wa mbuzi uliosafishwa, ukasukwa kwenye kijiti na kuchomwa hadi ukakauka nje. Zingalo ndiyo kipimo cha usafi wa mchomaji: ikiwa na harufu, basi hakuosha, na kama hakuosha utumbo sijui ameosha nini kingine.

Uwe na subira. Nyama iliyokatwa baada ya wewe kuagiza inachukua muda, na kusubiri huko ndiyo dhamana yako. Mshikaki unaoletwa kabla hujamaliza kunawa ulichomewa mtu mwingine.

Ijumaa, vuka kwenda Buyenzi

Buyenzi na Bwiza ni majirani wa kugusana, na mlaji hawezi kuzitenganisha. Ijumaa baada ya swala, Buyenzi inanukia mdalasini na iliki. Ni siku ya pilau na biriani, na akina mama wanapika kwa sufuria kubwa, kwa hesabu ya watu wanaowajua. Ingia mapema, kwa sababu hata hapa kikiisha kimeisha. Mwezi wa Ramadhani mtaa unageuka kabisa: mchana kumetulia, na magharibi meza za futari zinajaa barabarani, tambi, uji, sambusa, kaimati na mihogo ya nazi. Soko la Ruvumera liko humohumo, nami hulipitia kila safari, kwa sababu ukiona asubuhi kilichoshushwa sokoni unajua mchana utakula nini.

Afya, pesa na adabu

Tarehe 1 Januari 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na Bujumbura ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoguswa. Silisemi hili kumtisha mtu. Mlaji mwenye akili anaweza kula mtaani kwa usalama akishika mambo machache. Kula kilicho moto, kutoka kwenye moto. Kunywa maji ya chupa uliyoifungua mwenyewe, au chai. Kachumbari na matunda yaliyokatwa, uyale tu ukiona yameoshwa kwa maji safi. Na kabla ya yote, tazama maji ya kunawa. Mgahawa unaojiheshimu utakuletea birika, beseni na sabuni bila kuomba. Mahali pasipo na maji ya mikono hapana haki ya kulisha watu.

Beba noti ndogo za faranga za Burundi, na uliza bei kabla ya kuagiza. Huo ndio utaratibu wa mtaa na haumvunjii mtu heshima. Mwite mpishi "mama", mwite mzee "muzee", na ukimaliza sema "Murakoze". Ukikuta watu wanakula sinia moja wakakwambia karibu, shukuru, onja tonge moja kama moyo wako unataka, na usiondoke kimya. Chakula kikiwa kizuri, kiseme kwa sauti mbele ya wateja wengine. Mama anayekesha na makaa hana tangazo redioni wala bango lenye taa. Sifa ya mlaji ndiyo mtaji wake.

Nawasihi wenzangu wa Kigoma, wa Mwanza, wa Nairobi na wa kokote mnakopita kwa biashara: mkifika Bujumbura, msile kwa woga. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 1 Julai 2007, na lugha mnayoisoma hapa inaeleweka katika kila kona ya Bwiza. Acheni siku moja meza za ufukweni. Asubuhi kuleni chapati inayosukumwa mbele yenu, mchana muwahi maharage kabla ya saa nane, jioni mchague nyama wenyewe kwa mchomaji. Na mkimpata mama anayepika kwa moyo, mlipeni bei yake bila kumvuta shati, kisha mmwelekeze na msafiri anayekuja nyuma yenu.